Siti ya baiskeli si kigoda, jamani!

Wale ambao namba zenu zimebandikwa kwenye ubao wa sapu, poleni. Leo siongelei bumu wala foleni ya kafeteria. Leo nina hoja moja tu: siti za baiskeli zetu ziko chini mno, na tunaumia bure. Najua kuna watu wameshaanza kucheka. Chekeni tu, ila mniache nimalize, maana jambo hili limenila goti miezi mitatu na nusura linipokonye baiskeli yenyewe.

Nianze na mkasa wangu. Mimi nimepanga Kihonda, na chuo kiko upande wa pili wa mji, kule ardhi inakoanza kuisogelea milima ya Uluguru. Mwaka wa kwanza nilikuwa napanda bodaboda, buku mbili kwenda, buku mbili kurudi, na bumu likichelewa natembea. Mwaka wa pili nikajichanga, nikanunua Phoenix iliyotumika kutoka kwa kaka mmoja aliyekuwa anamaliza chuo. Siku ile nilijiona tajiri! Nilipita Msamvu kifua mbele utadhani nimetoka bandarini kutoa gari.

Wiki ya tatu goti la kulia likaanza. Maumivu yalikuwa kwa mbele, pale kwenye pia ya goti, hasa nikianza kukipanda kile kimwinuko cha kuelekea chuoni (huwezi kukiona kwa macho, lakini miguu inakiona). Mwanzoni nikadhani ni uvivu wa mazoezi. Kufika wiki ya sita nikawa nashuka ngazi za maktaba huku nimeshika ukuta kama babu. Nikauliza watu. Wa kwanza akasema, "Utazoea tu." Wa pili akasema kuna watu magoti yao hayakuumbiwa baiskeli. Wa tatu, rafiki yangu kabisa, akaniambia tatizo ni siti ngumu, nitie sponji. Nikanunua kava nene la sponji nikalifunga kwa mpira wa tyubu. Goti likaendelea kuuma vilevile, na juu yake nikapata ganzi sehemu ambazo sitazitaja kwa sababu mama mdogo naye huwa anapitia hapa.

Nikakata tamaa, nikatangaza kuuza. Akaja mzee mmoja anayesambaza mikate madukani kwa baiskeli. Akaikagua kama mtu anayenunua ng'ombe: akazungusha pedeli, akabonyeza tairi, akavuta breki. Kisha akaniambia nipande nimwonyeshe inavyokwenda. Nikazunguka mara moja. Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Kijana, hapo unaendesha au umechuchumaa?"

"Ndivyo nilivyoinunua, mzee wangu."

"Na viatu ukinunua vya mtu mwingine unavaa tu, hata vikikubana?"

Akatoa spana kwenye kikapu chake, akalegeza nati, akaanza kuipandisha siti huku akiipindapinda kushoto na kulia maana bomba lake lilikuwa limeshikana kwa kutu. Akapandisha, akapandisha, mimi nikaanza kuogopa. "Haya, panda sasa." Nikaenda mpaka kona na kurudi. Wadau, nilihisi kama nimebadilishiwa baiskeli! Miguu ilikuwa inanyooka, paja linasukuma lenyewe, na goti halipigi kelele. Niliporudi nikamwambia, "Mzee wangu, naomba unisamehe, siuzi tena." Akacheka akasema, "Nilijua. Ningekuwa na akili ningekulipa kwanza ndipo nipandishe."

Sasa sitaki kuwadanganya kwamba goti lilipona palepale kama mkutano wa maombezi. Nilipumzika wiki moja, nikarudi taratibu, na ilichukua kama mwezi ndipo nikaacha kushika kuta za maktaba. Lakini tangu siku ile kila nikisimama getini naangalia wenzangu wanavyoingia na baiskeli, na nawaambia ukweli, karibu wote wamechuchumaa. Magoti yako juu, yametanuka pembeni kama panzi. Tumefikaje hapa?

Mimi naona chanzo ni jinsi tulivyojifunza. Wengi wetu tulijifunza kwa baiskeli ya baba, ile yenye bomba la juu, ambayo tulikuwa tunapitisha mguu katikati ya fremu na kuendesha tumejikunja upande kama samaki kwenye ndoano. Tukajifunza tangu utotoni kwamba baiskeli ndiyo bosi na mwili ndio unaofuata. Tulipokua, tukapata ya kwetu, tukataka kitu kimoja tu: miguu yote miwili ifike chini tukiwa tumekaa, ili tusiaibike mbele za watu. Na mafundi wanatujua, wanaishindilia siti mpaka chini kabisa kabla hata hujauliza.

Si sisi peke yetu. Kuna Mmarekani mmoja, Sheldon Brown, aliyefariki mwaka 2008, ambaye ameacha maandishi mengi sana kuhusu baiskeli. Yeye aliona jambo hilohilo kwao: watu wazima wanaendesha na siti ya chini kwa sababu hawakuwahi kufundishwa kupanda na kushuka, wamebaki na mazoea ya utotoni. Na dawa yake ni rahisi. Ukisimama, usibaki umekaa. Shuka mbele ya siti, mguu mmoja ukanyage chini na mwingine ubaki kwenye pedeli. Ukitaka kuondoka, weka pedeli moja juu mbele, isukume, na huo msukumo ndio unakuinua mpaka kwenye siti. Siku mbili tu za mazoezi, umeshaweza.

Wasomi wa hesabu nao wasione tumewasahau. Mwaka 1967 watafiti wawili, Hamley na Thomas, walichapisha kipimo ambacho watu wanakitumia mpaka leo: umbali kutoka pedeli ikiwa chini kabisa mpaka juu ya siti uwe kama asilimia 109 ya urefu wa mguu wako kwa ndani. Unajipimaje? Simama peku, mgongo ukutani, weka kitabu chenye jalada gumu katikati ya miguu, kipandishe mpaka kigote kama vile umekaa kwenye siti, piga alama ukutani kwa kalamu. Mimi nilipata sentimeta 82. Zidisha mara 1.09, unapata sentimeta 89 na kidogo. Halafu nikapima pale siti ilipokuwa mwanzo, kwa kufuata ule mstari wa kutu kwenye bomba. Sentimeta 79! Yaani nilikuwa natembea mji mzima nikiwa chini kwa sentimeta 10, halafu nashangaa goti linalia.

Fanya jaribio hili hapohapo ulipo. Chuchumaa nusu, nyanyuka, rudia mara hamsini. Umesikia moto kwenye magoti? Sasa safari yangu ya Kihonda kila mguu unasukuma zaidi ya mara elfu moja kwenda tu, hatujahesabu kurudi. Siti ikiwa chini goti linajikunja kupita kiasi halafu linabebeshwa nguvu likiwa limejikunja hivyohivyo, na pia ya goti inagandamizwa. Ndiyo maana maumivu yanakuja kwa mbele. Si laana wala si kuumbwa vibaya. Ni nati moja.

Kama huna futi ya kupimia, kuna njia ya kisigino. Egemeza baiskeli ukutani au rafiki akushikie. Kaa kwenye siti, teremsha pedeli mpaka chini kabisa, weka KISIGINO juu yake. Goti linatakiwa linyooke bila kiuno kuinama upande. Ukiendesha sasa kwa kukanyagia sehemu ya mbele ya unyayo kama inavyotakiwa, goti litabaki na mkunjo mdogo, na huo ndio tunaoutafuta. Kisha zungusha pedeli kinyumenyume kwa visigino vyote viwili. Kiuno kikianza kucheza kushoto kulia kama uko kwenye ngoma, umepitiliza, teremsha kidogo. Maana siti ya juu mno nayo ni balaa: maumivu yanahamia nyuma ya goti. Na wenzangu wenye miguu mifupi mnaoendesha yale mafremu marefu, shida yenu inaweza kuwa hii ya pili, kwa hiyo msipandishe kwa kufuata mkumbo.

Mambo mengine ya kuzingatia nitayapitia harakaharaka:

Pandisha kidogokidogo, sentimeta moja kila baada ya siku chache, kama ulikuwa chini sana. Mimi mzee alinipandishia kwa mkupuo na mapaja yalinikoma wiki nzima.

Bomba la siti lina mstari wa mwisho wa kupandisha. Ukiuona mstari huo umetokeza nje ya fremu, simama hapo. Mabomba ya zamani mengi hayana mstari, basi hakikisha angalau sentimeta 7 zimebaki ndani. La sivyo siku moja litakatika, na sitaki hata kufikiria utakalia nini.

Siti ilale sawa. Tumia pimamaji ya mafundi uashi, au laza kitabu juu ya siti uangalie kwa pembeni. Pua ya siti ikitazama juu inakandamiza pasipotakiwa. Ikitazama chini sana unateleza kwenda mbele, na mzigo wote wa mwili unaubeba kwa viganja vya mikono.

Siti pia inasogea mbele na nyuma, kitu ambacho wengi hawajui. Funga nati kwenye uzi, tengeneza timazi. Pedeli zikiwa zimelala sawa, moja mbele moja nyuma, teremsha timazi kutoka mbele ya goti la mbele. Ikiangukia karibu na mhimili wa pedeli, hapo ni pazuri pa kuanzia.

Sasa turudi kwenye sponji, maana hapa ndipo nina ugomvi na rafiki yangu. Kaa kwenye kimbweta, ingiza viganja chini ya makalio. Utagusa mifupa miwili. Hiyo ndiyo Mungu aliyoiumba ya kukalia. Siti nzuri inaibeba ile mifupa. Ukiweka sponji nene, mifupa inazama, na sponji ya katikati inanyanyuka inabana nyama laini na mishipa. Ndiyo ganzi hiyo! Wamarekani kupitia taasisi yao ya afya na usalama kazini, NIOSH, walilichunguza jambo la ganzi kwa askari polisi wanaofanya doria kwa baiskeli, wakachapisha matokeo mwaka 2002 na 2008. Walipowapa siti zisizo na pua, ganzi ilipungua sana. Sisemi mkate pua za siti zenu. Nasema tatizo ni mahali uzito unapokaa, na ulaini peke yake hauwezi kulitatua.

Na hapa niseme kitu ambacho wengi tunakikwepa. Kuna dada mmoja wa darasani kwetu aliacha baiskeli muhula uliopita. Tukamtania kwamba amepata mtu wa kumlipia bajaji. Juzi kwenye diskasheni, baada ya kunisikia naongelea goti langu, ndipo akasema kwamba alikuwa anaumia, tena sana, ila angeanzaje kumwambia fundi ni wapi anaumia? Angeonekanaje? Baiskeli yake ni ya mtumba, ina kile kisiti chembamba cha michezo, na mifupa ya kukalia ya wanawake kwa kawaida iko mbali zaidi kuliko ya wanaume. Yaani alikuwa amekalia kitu ambacho hakikutengenezwa kwa ajili yake, siti ikiwa chini na pua ikiwa juu, miezi minne, kimya. Sote tuliokuwa pale tulinyamaza. Aibu yetu ya kutaja makalio imemnyima mwenzetu usafiri, halafu tukamtania juu yake. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa waliocheka, na nimeshamwomba radhi.

Kuna msemo tumelelewa nao, mvumilivu hula mbivu. Sawa. Lakini goti si embe, haliivi kwa kuvumiliwa. Eddy Merckx, yule Mbelgiji ambaye wengi wanamhesabu kuwa mwendesha baiskeli bora kuliko wote, alipata ajali mbaya kwenye uwanja wa Blois, Ufaransa, mwaka 1969, na tangu hapo nyonga zake hazikuwa sawa. Miaka iliyofuata akawa haachi kuihangaikia siti yake, mpaka kuna nyakati aliirekebisha katikati ya mashindano. Mwaka 1972 kule Mexico City akaenda kilomita 49.431 kwa saa moja, rekodi ya dunia. Bingwa wa dunia anahangaika na siti kila siku, wewe umekaa na ile uliyoikuta tangu mwaka wa kwanza!

Mtaniuliza, je, kila mtu apandishe? Hapana, na hili nilifundishwa na baba yangu mwenyewe. Kwetu ni Ifakara, na anayeijua Ifakara anajua kule baiskeli ndiyo kila kitu: mpunga, mkaa, mgonjwa, bibi harusi. Likizo iliyopita nilifika na spana yangu kama daktari bingwa. Baba analalamika magoti miaka mingi, na sote nyumbani tunasema ni uzee. Nikamwambia, "Baba, siti yako iko chini, naomba nikupandishie." Akanitazama akasema:

"Mwanangu, nikisimama na gunia la mpunga nyuma, miguu isipofika chini nani atalizuia? Wewe ukiwa Morogoro?"

Sikuwa na jibu. Ni kweli. Mwenye mzigo mzito ana sababu ya kutaka miguu ifike chini, na kitabu changu hakikuliwaza gunia. Lakini nikamuuliza, "Na siku usizobeba gunia?" Akakaa kimya kidogo. Tukakubaliana: nikachukua tupa, nikapiga alama mbili kwenye bomba la siti yake, ya chini ya gunia na ya juu ya safari. Nikampaka grisi lile bomba lisishikane, nikamwachia na spana yangu. Akasema atafikiria. Nikajua hatafanya.

Siwezi kuapa kwamba magoti ya mzee ni siti peke yake. Miaka yake shambani ni mingi. Na wewe pia kama goti limevimba au linauma hata ukiwa umelala, nenda hospitali, usije kwangu. Ila kwa sisi wanafunzi, ambao mzigo wetu ni begi lenye daftari mbili na chaja ya simu, tuna kisingizio gani? Gunia letu liko wapi?

Basi hoja yangu ndiyo hiyo. Mwili haukatwi kufuata baiskeli. Siti ndiyo ina nati. Yeyote anayetaka, Jumamosi asubuhi nitakuwa chini ya mwembe nyuma ya maktaba, nina spana mpya namba 13 na 14, futi, na uzi wenye nati. Bure. Dada zangu karibuni pia, na hakuna atakayeulizwa mbele za watu ni wapi anaumia.

Nilikuwa nimefika hapa nikitaka kufunga, baba akapiga simu. Shikamoo, marahaba, mvua, mpunga, ada. Kisha kabla ya kukata akasema, "Ile alama ya juu nimeitumia jana kwenda mnadani." Hakusema lolote kuhusu goti, na mimi sikuuliza.

Nawasilisha.